Sura ya Tisa: Kipanya Bila Kipira

Inspekta Eucabeth Nyamusi hakuwa mtu wa kukaa kitini, na kiti alichopewa asubuhi hiyo kililijua hilo. Kila alipojisogeza kililia. Mbele yake ilikuwa kompyuta ya Hospitali ya Machogu, hapo mjini Nyamira, na ndani yake, kwa maelezo ya mwenye hospitali, mlikuwa na neno moja lililotosha kumpeleka jela muuguzi Cynthia Nyamoita.

Neno lenyewe ni penisilini. Jumatatu ya wiki hiyo Mwalimu Mong'ina wa Birongo aliletwa akikohoa, kifua kimembana. Daktari Machogu alimpima, akaagiza sindano, ambayo hospitalini hapo huwa ni ya penisilini mpaka kompyuta ionye, ndipo muuguzi hubadilisha dawa. Cynthia akamdunga. Haukupita muda mwalimu akavimba midomo, koo likambana, akafa mikononi mwao. Mumewe, Mzee Momanyi, aliapa mbele ya polisi kwamba alimsikia mkewe akimwambia daktari kuwa penisilini iliwahi kumtia taabani, nusura afe. Daktari hakubisha. Ndiyo, aliambiwa, na onyo hilo likaingizwa kwenye kompyuta. Muuguzi ndiye hakutazama. Polisi wa Nyamira wakaenda kutazama. Onyo lilikuwamo, wazi kabisa, katika habari za marehemu. Cynthia alisema kwamba alipotazama yeye, kabla ya kudunga, nafasi ile ilikuwa tupu. Wakamtia ndani.

Hata hapo Nyamusi angeweza kuiacha kesi iende mwendo wake. Lililomtoa Kisii mbio siku hiyo ya Alhamisi ni mazungumzo ya jana yake seli. Cynthia alikuwa ameketi sakafuni, viatu vyake vyeupe amevipanga kando kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Alisema labda kweli hakuona. Alikuwa amekesha wodini, macho yalikuwa mazito, na kama neno lipo basi lilikuwapo. Akipelekwa kortini alasiri ya kesho, angekubali kosa, mambo yaishe. Nyamusi alikuwa ameona watu wakikubali makosa yasiyo yao kwa kipigo, kwa njaa, hata kwa mapenzi. Kwa adabu tu, hajapata. Jambo hilo lilimuudhi hata usingizi ukampaa.

Sasa korti ilikuwa inaanza saa nane, na yeye hata hajui kompyuta inavyoamkiwa.

Alikishika kipanya kama alivyowaona makarani wa Kisii wakikishika, akakisukuma. Mshale kwenye skrini haukutikisika. Akakisukuma tena, kwa nguvu. Akakiinua, akakipigapiga mezani kama mtu anayetafuta chumvi ya mwisho kwenye kopo.

"Usikiue, Madam," alisema Chandni akiingia na mkoba wake, nywele zimelowa manyunyu.

Chandni alikuwa binti wa Lalit, mwenye duka la taipureta pale Kisii mjini. Baba aliuza taipureta tangu Chandni hajazaliwa. Binti alirudi kutoka masomoni, akaijaza nusu ya duka kompyuta, na mpaka mwaka huo wa tisini na saba hapakuwa na ofisi yenye kompyuta kutoka Kisii hadi Keroka ambayo haikupita mikononi mwake. Hii ya Machogu aliileta yeye, na programu ya kuwekea habari za wagonjwa aliiweka yeye. Nyamusi alimchukua kwenye Landrova ya polisi asubuhi hiyo, naye hakuhitaji kubembelezwa. Kama kompyuta ilimdanganya muuguzi mpaka mtu akafa, jina la duka la baba yake lingeoza.

Chandni alikipindua kipanya. Chini, pale ambapo pangekuwa na kipira cha mpira, palikuwa na shimo.

"Wamemhasi," alisema.

Nyamusi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimgeukia karani aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja zamu yake ya kuchapwa. Huyo aliitwa Sylvanus Onchiri, na ndiye aliyeketi kwenye kiti kile siku zote. Alimuuliza kipira kiko wapi.

Onchiri alieleza bila kuinua macho. Daktari anakaa nacho. Tangu mwezi wa kwanza wa kompyuta, alipowakuta wauguzi wa zamu wakicheza karata kwenye skrini, alikitoa akakitia mfukoni, na hakuna mfanyakazi aliyekiona tena. Simu ya ofisi nayo ina kufuli, na ufunguo upo mfuko huohuo.

Simu yenye kufuli Nyamusi hakuishangaa. Hata mkuu wake kituoni alikuwa nayo. Lakini hili la kipanya lilikuwa jipya kwake. Aliuliza kazi inafanyikaje basi.

"Na kibodi, Madam. Dada huyu alinifundisha. Hiyo mausi mimi sijawahi kuitumia."

Nyamusi alimwambia Chandni atoe kipanya kingine mkobani, waanze kazi, muda hausimami. Chandni aliinama nyuma ya kompyuta, akakaa huko kidogo, akaibuka anatikisa kichwa. Alimwita Nyamusi aje ainame naye. Waya wa kipanya uliingia nyuma ya mashine kwa plagi yenye skrubu mbili, na juu ya skrubu zote mbili palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu, limekauka na kung'aa.

Alieleza kwamba hiyo ni rangi yake. Wateja hupenda kuchomoa vitu, wakiharibu wanarudi dukani kudai vipya bure, kwa hivyo kila plagi anayoifunga anaitia tone. Skrubu ikizungushwa kidogo tu, rangi inapasuka. Hii haijapasuka. Akiweka kipanya kingine sasa, itabidi aivunje mwenyewe.

"Na kipira cha mausi yako nyingine? Tukitie humu."

"Hakitoshi. Hii ni mausi ya zamani, ilikuja na hiyo mashine. Kipira chake ni kidogo. Sina kingine kama hicho, na Kisii nzima hakuna mtu anacho."

Nyamusi aliitazama ile rangi nyekundu kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Hakujua bado ina faida gani kwake. Alisema iachwe kama ilivyo. Watatumia kibodi.

Kibodi basi. Onchiri aliketi, na mara hiyo karani mwoga akapotea. Vidole vyake vilijua njia. Alibonyeza, dirisha likafunguka. Akabonyeza tena, fomu ikajitokeza yenye nafasi za jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa na mzio. Aliruka kutoka nafasi hadi nafasi kwa kitufe cha pembeni bila kutazama mikono. Akamtafuta Mong'ina. Akatokea. Kwenye nafasi ya mzio palikuwa na lile neno.

Nyamusi alilisoma kwa sauti. Kisha akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Nje mvua ilikuwa imeshika kilima cha chai upande wa pili wa barabara, na taa ya chumba ilikuwa ikipepesa kope kama inayotaka kulala. Alimuuliza Onchiri kama aliliandika yeye.

Onchiri alichelewa kujibu. Kulikuwa kuchelewa kudogo, lakini Nyamusi alikuwa amekula mshahara wa serikali kwa sababu ya kuchelewa kudogo kwa namna hiyo.

"Sijui, Madam. Naandika watu wengi."

"Andika kitu hapo. Mgonjwa wa uongo. Lolote."

Onchiri alifungua fomu mpya, akaandika jina la ng'ombe wake. Herufi zilitoka kubwa zote. Nyamusi alimwambia aandike kwa herufi ndogo. Alijaribu, zikatoka kubwa vilevile. Chandni aliingilia na kusema ndivyo alivyoitengeneza, fomu inageuza kila kitu kuwa herufi kubwa, kwa sababu madaktari wanaandika kila mmoja kwa mapenzi yake na baadaye mgonjwa hatafutiki.

Nyamusi alirudi kwa Mong'ina. Jina lilikuwa kwa herufi kubwa, kijiji kwa herufi kubwa, nimonia kwa herufi kubwa. Penisilini peke yake ilianza na herufi kubwa moja, zilizofuata zote ndogo.

"Hili neno halikupitia kwenye fomu," alisema.

Chandni alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Rangi ilimtoka kidogo. Alikiri kwamba kuna njia moja tu nyingine. Nyuma ya fomu kuna sehemu inayoitwa Meneja, ya kutunzia hifadhidata yenyewe. Ukiwa humo huoni fomu. Unaliona jedwali zima la wagonjwa, mistari na safu, na unaweza kuandika popote bila programu kukuuliza wewe nani wala lini. Ni ya fundi. Ina neno lake la siri.

"Nani analo?"

"Mimi. Daktari." Chandni alisita. "Na Onchiri. Kila Ijumaa anaweka nakala kwenye disketi kabla jua halijashuka, anakwenda Sabato. Nilimpa mimi."

Basi hapo Nyamusi akaona njia imenyooka. Karani alisahau kuandika mzio. Mgonjwa akafa. Karani akaingia kwa mlango wa nyuma, akaliandika neno, akamwacha muuguzi abebe mzigo. Vidole vyepesi, macho chini, majibu yanayochelewa. Alimwinua Onchiri kitini, akamsimamisha ukutani, akamuuliza mara nyingine, safari hii karibu karibu na uso wake, kama aliliandika yeye.

"Yaya," alisema Onchiri kwa Kikisii, Kiswahili kimemkimbia. "Hapana, Madam. Mimi sikuambiwa aleji."

"Eleza."

Maneno yalimtoka kwa kukatika. Tangu kompyuta ije, daktari alipiga marufuku kadi za wagonjwa. Anampima mgonjwa chumbani mwake, halafu anamsomea Onchiri habari kupitia dirisha dogo la ukuta, naye anaandika. Siku ile alimsomea jina, umri, Birongo, nimonia, sindano. Mzio hakuusoma. Palikuwa na foleni hadi nje, mtoto alikuwa akilia, na daktari alifunga dirisha kabla Onchiri hajauliza.

"Kwa nini hukusema kituoni?"

"Alisema nikifungua mdomo, atasema aliniambia na mimi nikasahau. Wataamini nani, mimi ama daktari?"

"Na Cynthia akalala seli."

Onchiri alifunika uso. Nyamusi hakumhurumia. Alimwona mwoga, na mwoga anaweza kusema kweli au uongo kwa machozi yaleyale. Alitoa pingu, akaziweka mezani zionekane, akamwambia Chandni aufungue huo mlango wa nyuma, Nyamusi auone kwa macho yake.

Chandni alikaa. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, menyu ikashuka. Mshale wa chini, mshale wa chini, kitufe cha kuingia. Picha ya kabati dogo ilijitokeza, ikauliza neno la siri. Chandni aliandika. Dirisha likagawanyika: kushoto majina ya majedwali yamepangwa kama matawi, kulia patupu. Alishuka kwa mishale hadi wagonjwa, akaingia. Jedwali likatandazika, mstari juu ya mstari. Alikuwa hodari, lakini mwendo wa kibodi ni wa kupanda ngazi, na Nyamusi alikuwa akigonga meza kwa kucha.

Alishusha mistari hadi kwa Mong'ina. Jina lake, na mkabala nalo, kama jirani wa mlango kwa mlango, lile neno la herufi ndogo. Nyamusi alitaka kuuona na ugonjwa, na dawa, na siku ya kuandikishwa, ambavyo vilikuwa mbali kulia, nje ya skrini. Kila Chandni alipovifuata kulia, jina lilipotea kushoto.

"Si uisogeze hiyo safu ya siku ije huku karibu na jina, kama ulivyofanya na hii ya mzio?"

"Haisogei kwa kibodi, Madam. Kusogeza safu ni lazima uikamate na mausi, uivute. Hii programu haina kitufe cha hiyo. Niliwaandikia wenyewe barua kulalamika."

Vidole vyake vikatulia juu ya kibodi. Nyamusi aliacha kugonga meza.

"Na hii ya mzio," alisema polepole, "uliiweka hapa wewe?"

"Mimi niliiweka mwisho kabisa. Huko kulia, baada ya dawa. Kama kwenye fomu."

"Basi imefikaje karibu na jina?"

Chandni alieleza, na sasa alikuwa akieleza haraka, mikono ikichora hewani. Mtu alifungua jedwali hili akitaka kuandika mzio wa mgonjwa mmoja. Akaona safu iko mbali, akaogopa kuandika kwenye mstari usio wake, kwa maana ukiwa huko mbali huoni jina. Akaikamata safu, akaivuta mpaka karibu na jina, akaandika, akafunga. Programu ikifungwa inakumbuka madirisha na safu zilivyoachwa. Kesho ukiifungua inakupangia vilevile. Yeye hakujua kwamba inakumbuka.

Nyamusi alisema asiguse kitu. Wasifunge, wasisogeze. Taa ilipepesa, na wote watatu wakatazama juu kwa pamoja kama waumini. Ikatulia. Chandni alichapa sura ya skrini kwa ile mashine ya kuchapia iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani, karatasi ikatoka, akatia saini pembeni. Kisha, kwa vitufe vilevile, akatafuta faili ambamo mpango wa safu unawekwa, akaitazama tarehe yake. Jumatatu, alasiri. Saa hiyo mwalimu alikuwa mochari tayari.

Nyamusi alikwenda nyuma ya kompyuta, akainama tena kwenye ile rangi ya kucha. Hapakuwa na ufa. Kipanya kingine hakikuunganishwa hapa. Kipira kingine hakitoshi. Aliyeivuta safu alitumia kipanya hikihiki, na kipanya hiki kilikuwa na kipira chake ndani siku hiyo.

Alizichukua pingu mezani, akazirudisha kiunoni. Onchiri alishuka taratibu akiufuata ukuta mpaka akakaa sakafuni.

Chumba cha Daktari Machogu kilikuwa upande wa pili wa ua. Kwenye benchi za nje walikaa akina mama na watoto, na wote walimtazama Nyamusi kwa jicho baya. Walikwisha sikia kwamba ametoka Kisii kumsumbua daktari wao. Machogu alikuwa mtu mnene wa haiba, fulana ya sufu chini ya koti jeupe, na alimkaribisha kama anayemkaribisha mkwe. Akaagiza chai. Nyamusi alisema ameshiba, akabaki wima.

Hakumgusia safu wala herufi. Alijifanya mtu aliyeshindwa. Alisema kompyuta imemchosha, na sasa ana shaka na karani. Ameambiwa vijana huichezea karata daktari akitoka. Pengine katika kuchezachezea huko wameharibu habari za wagonjwa?

Machogu alifurahi. Alifurahi waziwazi, kama mtu aliyeombwa asimulie ushindi wake. Aliingiza mkono mfukoni mwa fulana, akatoa leso, akaifungua juu ya meza. Katikati yake kililala kipira cha kijivu, kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Hawana cha kuchezea, Inspekta. Ni hiki."

"Huwa unakiacha droo, labda? Au nyumbani, mke akikutunzia?"

"Silali bila kukiweka chini ya mto. Tangu nikitoe, hakuna mkono mwingine uliokigusa. Hata Onchiri muulize."

"Nimemuuliza. Amesema hivyohivyo."

Nyamusi aliiandika kauli hiyo, akamwomba atie saini, naye akatia kwa mbwembwe. Kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuingia kwenye sehemu ya Meneja tangu Chandni aiweke. Machogu alisema hajawahi hata mara moja. Hana muda huo. Kazi hiyo ni ya Onchiri, na kama kuna kitu kimepindishwa huko ndani, basi Inspekta anajua mlango wa kugonga.

Hilo pia akalitia saini.

Hapo Nyamusi akaketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaiweka mezani ile karatasi ya Chandni. Alimweleza yote kwa mpango, herufi ndogo kwanza, kisha safu, kisha rangi ya kucha. Machogu alisikiliza huku akikizungusha kipira kwa kidole kimoja juu ya leso. Kadiri maelezo yalivyosonga, kidole kilipunguza mwendo. Mwisho kikasimama.

Nje mtoto alikohoa, mama akamtuliza.

"Nilisahau neno moja," alisema Machogu. "Unajua ninaona watu wangapi kwa siku? Nikifungwa mimi, hao walio nje utawapeleka wapi?"

"Kusahau kungekuwa na njia zake, Daktari. Lakini ulikumbuka baadaye, peke yako, mlango umefungwa."

"Msichana bado ni kijana. Angepata miaka michache, pengine faini. Ningemsaidia. Ningemlipia."

Aliyasema hayo kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomchefua Nyamusi kuliko uongo wote uliotangulia. Alisimama. Alikifunga kipira ndani ya leso yake, akakitia kwenye bahasha, akamwambia avae koti la mvua.

Walipofika kortini hakimu alikuwa amekwisha kaa. Nyamusi aliingia na maji yakimchuruzika, Machogu mbele yake katikati ya makonstebo wawili, na ukumbi mzima ukageuka. Cynthia alikuwa kizimbani. Karani wa korti alikuwa amemaliza kumsomea shtaka kwa Kiingereza na alikuwa katikati ya kumrudia kwa Kiswahili, na midomo ya Cynthia ilikuwa tayari imefunguka. Nyamusi hakungoja ruhusa. Alipita kati ya benchi hadi kwa mwendesha mashtaka, akamwekea zile karatasi mbele, akamnong'oneza, akaona uso wa yule bwana ukibadilika. Hakimu alikasirika kwa fujo hizo, akamkaripia Nyamusi mbele ya watu, halafu akasoma, halafu akaacha kukaripia. Shtaka liliondolewa. Cynthia aliambiwa yuko huru kwenda.

Hakwenda. Alibaki ameshika ubao wa kizimba hadi askari alipomgusa bega. Nyamusi alimkuta kwenye baraza ya nje, mvua ikimwagika kutoka kwenye bati. Hatua chache kutoka kwake alisimama Mzee Momanyi, kofia mkononi. Mzee huyo alikuwa amekaa benchi ya mbele tangu asubuhi ili asikie mwanamke aliyemuua mkewe akihukumiwa.

Cynthia hakumuuliza Inspekta habari za Machogu wala za kipanya. Aliuliza jambo moja.

"Nilipotazama, ilikuwa tupu?"

"Ilikuwa tupu. Uliona sawasawa."

Nyamusi alitarajia machozi ya furaha, au shukrani, au mtu wa kumwangukia kifuani. Alijikuta amejiandaa kwa hayo. Mzee Momanyi naye alisogea. Alisafisha koo. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemtaja kwa polisi, kwamba alikuwa na uchungu, na kwamba kama sista ataweza, amsamehe.

Cynthia alimtazama, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

"Usiniombe msamaha, baba. Mwalimu alikuwa macho. Aliniuliza kama sindano itauma, tukacheka. Nilitazama skrini, ikawa tupu, nikadunga. Yeye alikuwa hapo, anaongea, na mimi sikumuuliza."